Mfungaji wa Mizigo na Magunia Mawili ya Babu

Na Eliakimu, Guangzhou

Kwa heshima na taadhima, wasomaji wote wa bara na visiwani wanatangaziwa kwamba saa kumi alfajiri, jiji la Guangzhou likiwa bado limefunikwa na giza, mwanamke mmoja shujaa wa Kizanzibari anaamka, anajifunga kibwebwe na kuelekea ghalani kupambana na maisha.

Si kweli. Saa kumi alfajiri Hafidha Abdulrazak amelala. Ghala limefungwa kwa kufuli, na mlinzi wa ghala amelala pia. Magazeti yanapenda watu wanaoamka mapema, lakini mizigo ya Guangzhou huanza kuingia saa nne asubuhi, na Hafidha haoni sababu ya kuisubiri akiwa wima.

Saa nne, basi. Hafidha amelipigia magoti robota la suruali za jinzi, analivuta kamba kwa mikono miwili huku meno yameuma mkasi. Robota linapungua, linapungua tena, mpaka linakuwa gumu kama tofali. Anashuka, anachukua kalamu nene nyeusi na kuandika ubavuni alama ya mzigo: herufi za mwenyewe, namba, na mahali unapokwenda.

"Hapa ndipo penye kazi," anasema. "Kufunga hata punda angefunga, angekuwa na vidole. Lakini mzigo usiokuwa na alama ukifika bandarini Malindi, Unguja, kila mtu husema ni wake."

Ni Januari 2008, wiki chache kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina. Karakana za nguo za mtaa wa Kangle zinafungwa moja baada ya nyingine, mafundi wanarudi makwao, na kila mfanyabiashara wa Kiswahili aliyenunua katika masoko ya Shahe au Shisanhang anataka marobota yake yatoke leo. Hafidha, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, hulipwa yuani kumi na tano kwa robota. Mwezi mzuri humletea yuani elfu tatu. Mia nane ni za chumba, na sehemu kubwa ya zinazobaki huenda Unguja kwa mama yake, Bi Swalha, na kwa watoto wawili anaowalea bibi huyo.

Ameishi hapa tangu 2001. Kichina chake chote amekiokota sokoni. Anajua bei, rangi, saizi, punguza na ghali. Anajua laoban, yaani bosi, jina ambalo huitwa kila mtu mwenye duka, hata awe na meza moja. Na anajua bu yao, yaani sitaki, silaha kuu ya mnunuzi: unaitamka, unageuka, unaondoka, na kabla hujafika mlangoni bei imeshuka.

Kichina hicho ndicho alichokwenda nacho kwa wajomba zake.

Wajomba wa Kichina? Ndiyo. Baba wa Bi Swalha alikuwa Mchina kutoka mkoa huu huu, aliyefika Pemba kabla ya vita vya pili kununua majongoo ya baharini, kuyachemsha, kuyakausha na kuyauza ng'ambo. Alisilimu, akaitwa Ali, akaoa. Mwaka 1949 alikufa kwa homa. Bi Swalha alikuwa na miaka minne.

Alichoachiwa Bi Swalha ni maneno ya mtaani. Siku Ali anakufa, watu walikuta magunia mawili mlangoni pake, yameshonwa tayari kwa safari. Wakasema Mchina alikuwa anatoroka. Anamwacha mke na mtoto, anarudi kwao, na mauti yamemuwahi kizingitini.

"Mama kakua na hayo," Hafidha anasema. "Akigombana na mwenzake kisimani, anaambiwa: nyamaza we, hata babaako alikukimbia. Nilipokuja China hakunambia nimletee kitambaa. Kanambia, kanitazamie kama babaangu alikuwa anatukimbia. Nikamwambia mama, China kubwa. Akasema, nawe una miguu."

Kwa miaka sita miguu haikufika popote, kwa sababu hakuna aliyejua kijiji. Ali alikuwa Ali Mchina, basi. Mwaka jana ndipo mdogo wake Hafidha, Murshid, anayeuza nguo katika soko la Darajani, Unguja, alipoambiwa na karani mmoja mstaafu kwamba mgeni akifa zamani hizo, mahakama ilifungua faili la mirathi na kuorodhesha kila alichoacha, mpaka kijiko. Murshid alianza kuyafukua mafaili ya zamani ya mahakama. Alianza na jina la Ali, akakuta kina Ali wengi kuliko idadi ya watu wa Pemba. Akaacha majina, akaanza kutafuta majongoo. Faili lilipatikana katika wiki ya tatu. Alilitoa nakala na kuituma Guangzhou.

Hapa anaingia Elisante, kaka wa mwandishi wa makala haya, mwanafunzi wa udaktari mwenye ufadhili. Ndiye Mtanzania ambaye Hafidha anamwamini kusoma Kichina, kwa kuwa aliwahi kumsomea maelekezo ya dawa na hakufa. Mwandishi mwenyewe, aliyemaliza kidato cha nne shule ya bweni na anasubiri matokeo kwa utulivu usio na msingi, alikuwa mgeni wa kaka yake likizo hii, na hivyo aliyaona yaliyofuata kwa macho yake.

Faili lilikuwa kurasa kumi na kidogo. Karani wa mwaka 1949 aliandika kila kitu: sufuria kubwa la chuma, mizani, msala, kanzu mbili na koti vikiwa vimetundikwa ukutani, viatu chini ya kitanda. Kisha, mlangoni, magunia mawili ya majongoo makavu. Karani hakujua Kichina, lakini alikuwa mtu wa kutimiza wajibu. Alama iliyokuwa juu ya magunia aliinakili kwa kuichora, kama mtu anavyochora ng'ombe asiyemfahamu vizuri.

Elisante aliyatazama maandishi yale, akageuza karatasi, akageuza kichwa. Hafidha yeye hakuwa anasoma herufi. Alitazama mahali zilipokaa.

"Hiyo alama ya mzigo," alisema. "Juu anayepokea, chini mahali. Mie naandika hivyo hivyo kila siku." Kisha akauliza nguo zilikuwa wapi. Elisante akarudia: ukutani. Na viatu? Chini ya kitanda.

Hafidha alikaa juu ya robota la mtu. "Anayesafiri haachi viatu," alisema polepole. "Huyu hakuwa anakwenda. Alikuwa anatuma."

Jioni mbili baadaye Elisante alikuwa ameyafumbua maandishi. Juu palikuwa na jina la mwanamke wa ukoo wa Fong, na neno moja: mama. Chini palikuwa na jina la kijiji, kusini mwa mto, ambako siku hizi jiji linakula mashamba. Wenyewe wameomba kijiji kisitajwe gazetini, kwa kuwa fidia zao bado hazijalipwa.

Hiyo ilikuwa nusu ya jibu la Bi Swalha. Nusu ya pili ilikuwa kwa wenye kijiji: je, Ali aliwaambia kwao kwamba anarudi? Na muda ulikuwa mfupi. Elisante aliuliza kwa simu na kuambiwa kijiji kitabomolewa baada ya Mwaka Mpya. Nyumba zikishalala, watu watatawanyika kwenye maghorofa, na hapatakuwa na mlango wa kubisha.

Walikwenda Jumapili. Elisante alivaa suti na tai, akisema kwa wazee lazima uonekane mtu wa heshima. Tafsiri ya faili aliibeba kwapani. Alikuwa ameifanyia mazoezi wiki nzima kwa sauti, mpaka nyumba yote ikajua neno la Kichina la mahakama, fayuan, na mwandishi akiwa wa kwanza kulikariri.

Kila ukuta wa kijiji kile ulikuwa na herufi moja nyekundu ndani ya duara: bomoa. Hafidha na Elisante walitangulia kuitafuta nyumba ya kina Fong. Mwandishi alibaki langoni kidogo, akifanya uchunguzi wa kihabari kwa msichana wa shule aliyekuwa anatafuna muwa.

Walipoipata nyumba, mlango ulikuwa umeshafungwa. Ulifunguliwa nusu. Mzee Fong, mwenye miaka sitini na minne, mtoto wa mdogo wake Ali, alisimama katikati ya uwazi na hakusogea. Msichana wa langoni akachomoza kutoka ndani, chini ya mkono wake. Alikuwa mjukuu wake, anaitwa Ling. Mzee huyo huzungumza Kikantoni tu, na Kichina cha darasani cha Elisante kilimpita. Ikawa Elisante anamwambia Ling, Ling anamwambia babu.

Elisante alifungua faili. Mzee alipoona mihuri ya mahakama, uso wake ulibadilika. Alisema jambo, na Ling akalileta: babu anasema yuko tayari kutoa chumba kimoja katika nyumba mpya ya fidia.

Hafidha alishtuka. Alifikiri haraka kwa Kichina alichokuwa nacho, akatikisa mkono na kusema bu yao, tena kwa nguvu, ili mzee aone kwamba hana tamaa. Na kwa kuwa alikuwa ameaibika, aligeuka akaondoka.

Nyuma yake mlango ulifunguka wote. Vyumba viwili, Ling aliita.

Bu yao, Hafidha alisema bila kugeuka.

Walipofika kwenye kisima cha zamani vilikuwa vyumba viwili na jiko. Walipofika langoni Mzee Fong alikuwa anahema, amevaa kandambili mguu mmoja, na ameongeza chumba cha duka upande wa chini. Hafidha alikuwa akilia kwa hasira. Kila alipokataa, alikuwa anapandisha bei. Hakuna mtu katika jiji hili ambaye angemsikia mteja akisema sitaki na kuondoka, kisha akaamini kweli hataki.

"Nlikuja kumpa mkono wa pole," alisema wakiwa kwenye basi. "Kanichukulia mie dalali wa mirathi."

Siku tatu hakulitaja jambo lile. Alifunga marobota kimyakimya, na kamba zilikazwa hivi kwamba mteja mmoja alilalamika sweta zake zitafika zimekuwa karatasi. Siku ya nne alimpigia Bi Swalha. Alimsimulia yote: faili, suti, mihuri, mlango. Anasema mama yake aliuliza swali moja tu.

"Mlikwenda na nini?"

"Na faili, mama."

"Nimekulea wapi, Hafidha? Unakwenda kwa mjomba wako mara ya kwanza maishani, mikono mitupu, na karatasi za korti kwapani?"

Hafidha anasema alitamani sakafu ya ghala ifunguke. Kwao Unguja hakuna anayeingia nyumba ya watu bila kitu mkononi, hata iwe nusu kilo ya sukari. Na huku Guangzhou, kwa miaka saba, amewafungia watu zawadi za Mwaka Mpya, mbili mbili, kwa sababu Wachina hutoa kwa jozi na kwa mikono miwili. Mila zote mbili zilikuwa zinamwambia neno moja, na yeye akaenda kama karani wa mnada.

Murshid alikuwa na safari ya kununua bidhaa wiki ile ile. Dada yake alimwambia apitie Pemba kwanza. Akaja na majongoo makavu ya baharini ndani ya begi la mkononi, na abiria waliokaa karibu naye kwenye ndege, anasema, hawatamsahau. Hafidha alishona magunia mawili madogo kwa sindano yake ya kazini. Juu yake, kwa kalamu nene nyeusi, alinakili ile alama ya babu, polepole, akimuuliza Elisante kila mstari.

Safari hii hapakuwa na suti wala faili. Hafidha alisimama mbele ya mlango wa Mzee Fong, akanyoosha magunia kwa mikono miwili, na hakusema neno lolote la Kichina.

Mzee alisoma gunia la kwanza. Akasoma la pili, ambalo lilikuwa limeandikwa vilevile. Kisha akakaa kwenye kizingiti na kuyapakata yote mawili kama watoto.

Alizungumza kwa muda mrefu, na Ling alipata shida kumfuata. Jina lile lilikuwa la bibi yake, aliyemlea. Mwaka mmoja kabla ya nchi kugeuka ya Kikomunisti, baharia mmoja alileta ujumbe kutoka kwa mwanawe aliyeko Afrika. Ujumbe ulikuwa mfupi: nimepata binti huku, sirudi tena, mama usiningoje, nitakutumia magunia mawili. Magunia hayakufika. Barua ya mahakama ya kutafuta warithi, ambayo nakala yake iko kwenye faili, anwani ikiwa ule ule mchoro wa karani, nayo haikufika. Bibi aliendelea kuyangoja magunia mpaka alipokufa, na hakuna aliyemwambia kwamba mtumaji alitangulia.

"Babu anasema bibi yake alikuwa akimgombeza mwanawe kila Mwaka Mpya," Ling alisema. "Anaweka bakuli lake mezani, analigombeza."

Mzee Fong aliingia jikoni. Alirudi na bakuli la kaure lenye ufa, na ndani yake limekaa bakuli jingine dogo, la kiasi cha mtoto anayeanza kula mwenyewe. Kwao, aliye mbali huwekewa bakuli na vijiti usiku wa kuamkia mwaka. Kubwa lilikuwa la Ali. Dogo lilikuwa la binti yake. Bibi aliyaweka mpaka mwisho wake, na akamwachia mjukuu wake kazi hiyo, naye hajaacha.

Hafidha alipiga simu pale pale, kadi ikiwa na dakika chache.

"Mama, hakuwa anatukimbia. Aliwaambia kwao harudi, kwa ajili yako. Na wamekuwekea bakuli."

"Bakuli gani?"

"La chakula, mama. Kila mwaka. Dogo, la mtoto."

Wote waliozunguka simu ile walisikia sauti ya Bi Swalha, ndogo kuliko kawaida yake: "Kumbe nilikuwa nahesabiwa."

Simu ikakatika, kadi imekwisha. Hafidha alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, akacheka, akajifuta tena. Alionekana kama mtu aliyetua robota alilokuwa amelibeba tangu kwao bila kujua kwamba lilikuwa mgongoni.

Mzee Fong alitaka wale pamoja. Alianza kutaja vyakula, na alipofika kwenye nguruwe Hafidha alisema bu yao, na kwa mara ya kwanza mzee alicheka na kuamini. Wakaenda wote kwenye mkahawa wa tambi wa Waislamu kutoka Lanzhou, wenye kibao cha kijani barabara ya pili, na mzee akamnunulia mpwa wake bakuli jipya ambalo halijawahi kuona nguruwe.

Sasa Hafidha ana mpango. Nyumba ya zamani itabomolewa mwezi ujao, na Mzee Fong atahamia ghorofa ya tisa akiwa na vyumba vyake vyote, ambavyo hakuna aliyevitaka. Aprili, Wachina wanapokwenda kusafisha makaburi, Hafidha anataka Bi Swalha awepo, afike kwenye kaburi la bibi yake na kumwambia kwamba mzigo umepokelewa. Tikiti ni fedha nyingi kwa mtu anayelipwa kwa robota. Murshid atatoa nusu. Nusu nyingine, anasema Hafidha, wafanyabiashara wa Darajani bado wananunua jinzi.

Makala ingepaswa kuishia hapo, mwandishi akiwa ametoka na heshima yake. Lakini katika mkahawa ule, tambi zikiwa zimefika, Elisante alimuuliza Ling jambo lililokuwa linamsumbua: kwa nini siku ile ya kwanza mlango ulifungwa kabla hata hawajabisha?

Ling alimeza. Akanyoosha vijiti vyake juu ya meza, vikaishia kwenye pua ya mwandishi. "Yeye aliniambia," alisema. "Alionyesha mwenye tai, akasema fayuan."

Elisante aligeuka polepole, kama alivyokuwa akigeuka nyumbani kabla ya kuchukua mkanda wa baba ukutani. Hafidha hakupaza sauti. Alisema tu, "We mtoto. Siku tatu nimelia." Kisha akatoa hukumu: niliandike hili gazetini kwa mkono wangu, na nisijifiche nyuma ya neno mwandishi.

Basi ni mimi. Nilisimama langoni, nikamwonyesha Ling suti ya kaka yangu, nikatamka neno pekee kubwa la Kichina nililolijua, na nikakaza uso kama mwalimu wa zamu. Nilidhani atacheka. Yeye alitupa muwa akakimbia kumwambia babu yake kwamba mahakama imefika, na mimi nikacheka peke yangu, nikijiona hodari, huku Bi Swalha akiwa karibu kupoteza bakuli lake kwa sababu yangu.

Bi Hafidha amenisamehe. Amenipa marobota kumi na mawili ya kufunga bila malipo, na kamba zangu zinalegea. Aliniomba pia kitu kimoja kidogo, kwamba nisianze kwa kusema anaamka saa kumi alfajiri, maana majirani zake Unguja watamcheka. Hilo nalo nakiri.